Baba mdogo kauziwa risasi zilizojazwa upya mnadani. Wajuzi wa bunduki njooni

Mtoto wa Kigwe:

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi niko Dodoma mjini ila shida yenyewe iko Bahi. Baba mdogo ana shotigani ya bomba moja, ile inayokunjwa katikati. Leseni anayo, na kazi ya hiyo bunduki ni moja tu: nguruwe pori kwenye karanga. Jana kanipigia simu ana furaha kama kapata mjukuu. Kapata risasi mnadani, kumi na mbili, nusu ya bei ya dukani, zimetiwa kwenye mfuko wa kaki. Boksi hakuna. Muuzaji kamwambia ni za kiwandani ila "zimejazwa upya", yaani maganda yaliyokwisha kupigwa yakatiwa baruti mpya, na eti Wazungu wenyewe ndizo wanazotumia.

Hilo la Wazungu ni kweli, na ndilo lililoninyima usingizi.

Niliendesha gari kambi moja ya uwindaji upande wa Rungwa, misimu mitatu. Msimu mmoja akaja mgeni kutoka Marekani na bunduki ya .308. Za kuwindia alikuwa nazo mpya, kwenye maboksi yake. Za kupimia darubini siku ya kwanza alikuja na nyingine, na alisema mwenyewe kwamba zimejazwa upya na kampuni ya kwao, bei poa, ya nini kupoteza nzuri kwenye karatasi? Kapiga ya kwanza, paa! Ya pili, paa! Ya tatu ikasema "pwu", kama mtu aliyetaka kupiga chafya kanisani akaibana. Karatasi haina tundu jipya. Mgeni kacheka, kavuta bolti, ganda likaruka, kasukuma nyingine ndani. Mwindaji bingwa wetu, mtu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata mbele ya nyati, alimdaka mkono akapiga ukelele mpaka mpishi akatoka jikoni.

Wakatoa risasi, wakatoa bolti, wakapitisha ufito wa kusafishia mtutu. Ukaingia kidogo ukagoma. Kichwa cha risasi ya tatu kilikuwa kimekwama humo ndani, na ya nne ilikuwa inakwenda kukikuta.

Mgeni hakucheka tena mpaka jioni. Mimi nilikuwa nimesimama hatua nne kushoto kwake, nimeshika chupa yake ya maji.

Sasa naomba kujua: kwenye shotigani hatari ni hiyohiyo? Na mzee ambaye ameshatoa hela yake unamwambiaje akuelewe?

Zabibu Kavu:

Uzi bila picha ni sawa na ugali bila mlenda. Tia picha ya hizo risasi.

Naweka kiti hapa.

Wakili wa Makole:

Mkuu, kabla ya mambo ya baruti kuna jambo la pingu. Sheria ya Kudhibiti Silaha na Risasi ya mwaka 2015, ile iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu kuuza risasi mnadani kama anauza vitunguu. Muuzaji anatakiwa awe na leseni ya biashara hiyo, na mnunuzi anunue kwake kwa kibali chake. Aliyejaza, kama kajazia hapahapa nchini bila leseni ya kutengeneza, naye ana kesi yake peke yake. Baba mdogo leseni ya bunduki anayo sawa, lakini haimfuniki kwenye manunuzi ya mfuko wa kaki.

Halafu huyo nguruwe pia ana utaratibu wake kwa afisa wanyamapori. Hilo naliacha, maana najua watu mtanishambulia.

Mtoto wa Kigwe:

Nasahihisha: ni baba mdogo wa rafiki yangu.

Picha hiyo hapo, katuma binti yake kwa simu. Aliipiga siku zilipoletwa. Nyekundu sita, kijani nne, njano mbili. Zimepangwa juu ya ungo.

Zabibu Kavu:

Hahaha, "rafiki yangu". Binti yake na wewe mnafanana majina ya ukoo au?

Dereva wa Fuso:

Mnamtisha mzee wa watu bure. Mimi ninamjua mtu Kongwa anajaza maganda yake mwenyewe mwaka wa kumi huu, vidole vyote anavyo na macho mawili anayo. Risasi ni risasi. Zikilipuka mbele, kazi imefanyika. Watu wenye hela ndio wana maneno mengi.

Mzee wa Itigi:

Dereva, huyo wa Kongwa Mungu amzidishie. Ila ambao mambo yaliwaharibikia hawaji kwenye jukwaa kuchangia, kwa hiyo hesabu yako ina upande mmoja tu.

Mtoto wa Kigwe, nimeshika bunduki za watu kwa miaka mingi, kuzisafisha na kuzitengeneza, nikiwa na leseni. Nitasema ninayoyajua, na nitakuwa mrefu. Mwenye haraka apite.

Tairi la Fuso unalijaza upepo pauni mia na kitu kwa inchi ya mraba, na likipasuka unajua linavyofanya. Shotigani ya namba 12 ikifyatuliwa, mgandamizo ndani ya chemba unaweza kufika pauni 11,500, ndicho kikomo walichojiwekea watengenezaji wa Marekani. Hiyo .308 ya mgeni wako kikomo chake ni 62,000. Kati ya moto huo na shavu lako kuna chuma cha bunduki, na nyuma kabisa kuna kile kitako cha ganda. Ukimwachia mtu usiyemjua akupimie baruti, umemkabidhi shavu.

Watu wengi wakisikia "risasi mbaya" wanawaza ile yenye baruti nyingi mno. Ipo, na nitaifikia. Lakini iliyonitia hofu maishani ni ile iliyosema "pwu". Baruti imesahauliwa au imetiwa kidogo, au imeshika unyevu. Fataki peke yake ina nguvu ya kukitoa kichwa kwenye ganda na kukisukuma kikaingia mtutuni, ila haina nguvu ya kukitoa nje. Mpigaji anasikia sauti ndogo, bega halijasukumwa, na badala ya kuogopa anakasirika. Anatia nyingine haraka, maana mnyama bado amesimama pale. Ya pili inakuja na nguvu zake zote inakuta mlango umefungwa. Hapo mtutu unavimba kama chatu aliyemeza mbuzi, au unapasuka.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni ndiyo, shotigani ni hatari hiyohiyo. Huko kinachobaki mara nyingi ni kile kizibo cha plastiki kinachotenganisha baruti na marisau, yaani zile gololi ndogo zinazotoka mbele. Marisau yanaweza kumwagika nje yote, wewe ukadhani umepiga vibaya, kumbe kizibo kimekaa katikati ya mtutu kinasubiri mwenzake.

Ukisikia sauti ndogo, acha. Mdomo wa bunduki uelekee pasipo na mtu, ngoja, kisha toa risasi, hakikisha chemba ni tupu, ndipo uutazame mtutu. Nguruwe muache aende. Atarudi kesho, huyo hana shida.

Na ikisema "klik" tu bila kulia kabisa, usiifungue papo hapo. Wakati mwingine fataki inachelewa kuwasha. Shikilia bunduki mdomo ukiangalia mahali salama nusu dakika nzima, wengine husema dakika moja. Kuna waliofungua mapema risasi ikawalipukia ikiwa nje ya chemba.

kwelea_kwelea:

Mzee samahani, mimi wa mjini. "Fataki" kwangu ni yule mzee wa kuhonga wanafunzi, na Chemba ni wilaya unapita ukienda Kondoa. Nimesoma aya mbili nikiwaza mzee yule kasukumwa mtutuni.

Mzee wa Itigi:

Hahaha. Fataki ni kile kijiduara katikati ya kitako cha risasi kinachogongwa na pini na kuwasha baruti. Chemba ni nyumba ya risasi, pale inapolala. Kondoa utafika tu kijana.

Mswahili wa Texas:

Wakuu salaam kutoka mbali. Nimezaliwa Area C, sasa ni mwaka wa tisa niko huku, na hizi risasi nazijua vizuri kwa sababu nazitumia. Msishangae. Ila ngoja niwaeleze zinavyotengenezwa ndipo muone tofauti na za mfuko wa kaki.

Huku kuna makampuni ambayo biashara yao ndiyo hiyo. Yana leseni ya serikali ya shirikisho ya kutengeneza risasi, huku wanaiita ya aina ya 06. Wananunua maganda kwa uzito, kama chuma chakavu, kutoka viwanja vya kulengea shabaha, kwa polisi, na kwenye mazoezi ya jeshi. Ganda la shaba ndilo ghali kuliko vyote kwenye risasi ya bunduki kubwa, kwa hiyo ukilipata la mtumba umeokoa hela ya maana. Yanaoshwa, fataki kuukuu inatolewa, ganda linabanwa lirudi kipimo chake, linatiwa fataki mpya, baruti na kichwa. Kampuni nzuri inakagua kwa mashine na inapima baruti ya kila ganda.

Tatizo ni kwamba ganda halisemi historia yake. Shaba hiyo, mchanganyiko wa shaba nyekundu kama asilimia 70 na zinki 30, kila ikipigwa inatanuka na kila ikibanwa inazidi kuwa kavu. Chukua kipande cha waya ukunje na ukunjue utaona. Inachoka zaidi pale juu kidogo ya kitako, kwa ndani, usipopaona. Siku ikikatika hapo, kitako kinabaki huku na mwili unabaki kwenye chemba, na gesi ya moto inatafuta njia ya kurudi kwa mpigaji. Mimi limenikatikia mara moja. Miwani ilipata madoadoa kama ya mafuta ya kukaangia. Bila miwani nisingekuwa naandika uzi.

Lingine ni maandishi ya kitakoni. Ganda limegongwa jina la kiwanda kikubwa, halali kabisa, lakini baruti na kichwa vimetiwa na mtu mwingine. Unasoma kitako unajisikia salama, kumbe maandishi hayo yanasimulia maisha ya kwanza ya ganda. Boksi moja unaweza kukuta maganda ya viwanda vitano. Ya kijeshi mengi yana kuta nene kuliko ya kiraia, nafasi ya ndani ni ndogo, na baruti ileile ikitiwa humo mgandamizo unapanda.

Kuhusu baruti kuzidi: sana sana ni ugonjwa wa bastola. Chukueni risasi ya bastola, .38 Special. Ni ya 1898, ilipimwa kwa baruti nyeusi inayokula nafasi kubwa. Baruti ya kisasa inakaa kidogo tu chini ya ganda. Mashine ikitia mara mbili, bado ganda halijajaa na jicho halioni kitu. Kwenye .308 ukitia mara mbili inamwagika juu ya meza, hata mlevi anajua. Ndiyo maana risasi ya mgeni wa Rungwa ilikosea kwa upungufu, haikukosea kwa kuzidi.

Dereva wa Fuso:

Sasa wewe mwenyewe unazitumia halafu unatukataza sisi? Hiyo ndiyo tabia ya mliokwenda Ulaya.

Mswahili wa Texas:

Texas si Ulaya kaka, lakini poa.

Nazitumia uwanjani, mchana, na miwani usoni, nikipiga moja moja. Zina boksi, boksi lina jina la kampuni na namba ya toleo. Zikileta shida nawapigia simu nawatajia namba, na wakigundua kosa wanatangaza toleo zima lirudishwe. Hata viwanda vya risasi mpya hutangaza hivyo mara kwa mara, hakuna mkamilifu. Lakini sizibebi kwenye bastola ya kulinda nyumba, na si bunduki zangu zote zinazoziruhusu. Vitabu vya maelekezo vya watengenezaji wengi, Glock na Ruger wakiwemo, vinasema ukitumia zilizojazwa upya ikaharibika, usiwapigie simu.

Mfuko wa kaki namba yake ya toleo ni ipi? Muuzaji mwenyewe utampata mnada ujao?

Dereva wa Fuso:

Hapo kwenye kumpata mnada ujao umenipata kidogo. Nilinunua betri ya gari hivyohivyo.

Nesi wa Zamu:

Sina ninachojua kuhusu baruti. Ninachojua ni mikono ya magobole. Akija mtu ambaye gobole limempasukia, kawaida ni mkono ule ulioshika mtutu chini, si ule wa kufyatulia. Dole gumba na cha pili. Na macho. Na huwa anakuja kesho yake, kwa sababu kwanza waliogopa polisi. Tafadhalini, mtu akiumia mleteni usiku huohuo, sisi tunaanza na damu.

Binti wa Mpwapwa:

Naomba kuuliza, na joto je? Marehemu baba alikuwa anaweka risasi zake kwenye bati la chai juu ya kabati, nyumba ya bati, unajua Oktoba ya kwetu inavyokuwa. Na nyingine alikuwa anaziacha kwenye dashibodi ya gari wiki nzima.

Mzee wa Itigi:

Umeuliza swali la mtu mzima, binti.

Baruti ikipata moto inaungua kwa kasi zaidi, mgandamizo unapanda. Waingereza walilijua hili mapema. Bunduki zao kubwa za mitutu miwili za kuwindia tembo walizitengenezea maganda marefu mapana, ili mgandamizo uwe wa chini na kubaki nafasi ya ziada siku ya jua la Afrika na India. Risasi iliyotulia kule London ilikuwa inakuja huku inabadilika tabia.

Ukiacha hilo la siku moja, kuna la miaka. Joto likikaa sana baruti inaoza taratibu. Ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya uchachu inayochoma pua, au ukaona ukijani kwenye shaba, usibishane nayo. Kuna risasi moja kubwa, .458 Winchester Magnum, ilitoka mwaka 1956 kwa ajili ya Afrika hasa. Baruti ilishindiliwa sana ndani ya ganda fupi, na baada ya kukaa ikawa inagandamana kama sukari iliyopata unyevu. Wawindaji wakawa wanapiga tembo risasi inatoka imechoka. Na hiyo ni mpya, ya kampuni kubwa. Sembuse ya mnadani.

Kaburi la marehemu baba yako liwe na nuru, lakini hizo za juu ya kabati zipeleke kituoni. Hata bunduki yenyewe, kama haijahamishiwa mtu mwenye leseni. Usizitupe shimoni wala jalalani.

kwelea_kwelea:

Na zikishika moto ndani ya nyumba? Isije ikawa Mbagala ya 2009 au Gongo la Mboto ya 2011.

Mzee wa Itigi:

Hapana, usichanganye. Yale yalikuwa maghala ya jeshi, mabomu na makombora, vitu vyenye vilipuzi tumboni. Risasi ndogo ikiungua nje ya bunduki haina mtutu wa kuibana, kwa hiyo ganda linapasuka na vipande vinaruka, kichwa hakifiki mbali. Inaweza kukutoa jicho ukiwa karibu, lakini haibomoi mtaa. Kinachoifanya risasi iwe risasi ni kubanwa, na ndiyo maana nasema sana habari ya chemba na mtutu.

Wakili wa Makole:

Naongeza kwa Binti wa Mpwapwa: serikali hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa. Ukisikia tangazo, nenda. Usingojee ndugu wagombanie bunduki kama wanavyogombania shamba.

Mzee wa Itigi:

Mtoto wa Kigwe, uko hapo?

Macho yangu si ya zamani, nimelazimika kumpa mjukuu simu aikuze picha yako. Hizo njano mbili. Naomba uniambie kitakoni zimeandikwa namba gani. Na bunduki ya mzee ni namba 12, sivyo?

Mtoto wa Kigwe:

Ni 12 mzee, imeandikwa kwenye mtutu. Kitako cha zile njano hakionekani. Kwani vipi?

Mzee wa Itigi:

Viwanda vya Marekani na vingine vingi rangi ya njano wameiacha kwa ajili ya namba 20. Na walifanya hivyo kwa sababu ya watu kuumia.

Kwenye shotigani namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo. Kumi na mbili maana yake vitufe kumi na mbili vya madini ya risasi, kila kimoja upana wa mtutu huo, vinafanya ratili moja. Ishirini, ishirini, kwa hiyo ni vidogo zaidi. Sasa chemba ya namba 12 ni pana, milimita 20 na ushee. Mtutu wenyewe ni kama 18 na nusu. Kitako cha risasi ya namba 20 ni milimita 19 na ushee. Piga hesabu: inapita kwenye chemba vizuri kabisa, inateleza mbele, inanasa pale mtutu unapoanza kubana. Imezama ndani, huioni kama huchungulii.

Mtu anafungua bunduki, anaona chemba tupu. Anasema, aa, kumbe sijatia. Anatia namba 12. Inaingia yote, bunduki inafunga, haina shida. Anafyatua. Moto wa 12 unaipiga 20 kwa nyuma na yenyewe inalipuka palepale, mbele kidogo ya chemba. Yaani chini ya mkono wa kushoto. Nesi ameshawaambia ni mkono upi.

Hili halihitaji kujazwa upya, linatokea hata kwa risasi mpya za dukani. Lakini risasi mpya huja kwenye boksi, boksi moja namba moja. Mfuko wa kaki unakusanya jamii zote. Mpigie mzee sasa hivi asitie chochote.

Mtoto wa Kigwe:

Nimempigia, hapokei. Yuko msibani Kintinku, simu kaiacha. Nimempata binti yake. Kasema bunduki iko kabatini imefungwa, ufunguo anao mzee.

Nimemwambia azihesabu risasi. Ziko kumi na moja.

Zabibu Kavu:

Kumi na moja??

Mtoto wa Kigwe:

Nyekundu sita. Kijani nne. Njano moja. Kitakoni kwenye hiyo njano kasoma "20".

Nesi wa Zamu:

Labda mzee kaipiga?

Mtoto wa Kigwe:

Binti anasema hakuna bunduki iliyolia nyumbani tangu wiki iliyopita.

Mswahili wa Texas:

Mkuu usilale.

Mtoto wa Kigwe:

Nimempata mzee, saa nne hii usiku. Nanukuu alivyoniambia, maana bado natetemeka:

"Juzi jioni nilitaka kuona kama zinaingia. Nikaanza na ile ya njano. Ikaingia vizuri tu, nikafunga, nikafungua tena niitoe, haipo. Nikajua imedondoka kwenye magunia. Nimeitafuta mpaka giza. Nikasema nitaikuta siku ya kupeta karanga."

Nikamuuliza, baba, baada ya hapo ulitia nyingine?

"Nilikuwa nataka nitie nyekundu, mama yako mdogo akaniita nikale."

Zabibu Kavu:

Jamani mpelekeeni huyo mama kitenge.

Mzee wa Itigi:

Asiiguse. Asichokonoe na fito wala waya, wala asiipige kitako chini. Iko salama kadiri ilivyofungwa kabatini. Asubuhi uende wewe mwenyewe, mfike kituoni mueleze, waje na mtu anayejua. Mkilazimika kuthibitisha: ifunguliwe bila kutia kitu, mdomo uelekee kwenye kichuguu au udongo pasipo na mtu, mtazame kwa upande wa chemba. Mtutu mzima unaonyesha mwanga kama bomba la maji. Msipoona mwanga, acheni hapohapo, msifanye lolote jingine.

Na zile kumi na moja ziende pamoja nayo.

Wakili wa Makole:

Na aseme ukweli wote wa mnadani. Mtu aliyekuja mwenyewe na mfuko mkononi hasikilizwi sawa na aliyekutwa nao.

Mtoto wa Kigwe:

Wakuu, nimerudi mjini sasa hivi.

Nilifika Bahi asubuhi na basi la kwanza. Mzee kafungua kabati mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na askari wawili. Yule mwenye umri mkubwa kaikunja bunduki, kaielekeza kwenye kichuguu nyuma ya zizi, kachungulia. Kakaa kimya muda. Halafu akaniita: "Kijana, njoo uone. Mtu mwingine yeyote akivuka mstari huu nitamweka ndani."

Nikatazama. Hakuna mwanga. Ndani, mbele ya chemba, kuna duara la njano linang'aa, kama sarafu mtu kaitumbukiza kwenye shimo la panya. Katikati yake fataki, nzima.

Wameichukua jinsi ilivyo kwenda kwa fundi wao. Mzee ameandika maelezo kurasa tatu, kapigwa maswali, kasemwa sana, wamemwachia arudi nyumbani. Bunduki itabaki kwao mpaka hapo watakapoamua, na muuzaji wa mnadani wanamtafuta. Mzee njia nzima alikuwa anaangalia mkono wake wa kushoto, anaufungua na kuufumba.

Dereva wa Fuso:

Nimempigia yule wa Kongwa.

Mzee wa Itigi:

Kasemaje?

Dereva wa Fuso:

Kakata simu. Nitapita kwake Jumamosi nikienda Kibaigwa.

kwelea_kwelea:

Na nguruwe je?

Mtoto wa Kigwe:

Wameingia usiku wa jana. Mzee kawapigia debe. Debe la kweli, la mafuta ya alizeti, na mwiko.